Mkuki wa Waherero Katika Kabati la Makumbusho

Mikuki iliyotoka Namibia imehifadhiwa katika makumbusho kadha wa kadha ya Ulaya, na mingi ilifika huko kati ya miaka ya 1850 na Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza 1914. Kila mmoja una namba yake, na mbele ya namba hiyo, katika daftari la makumbusho, aghalabu huwa pana maneno machache ya namna hii: mkuki wa kuwindia, Waherero, umekusanywa Afrika ya Kusini-Magharibi. Maneno hayo yaliandikwa na karani ambaye mara nyingi hakupata kuikanyaga Afrika, akinakili barua ya afisa, ya mmisionari au ya mfanyabiashara. Tangu hapo yamenakiliwa kutoka daftari kwenda kadi, na kutoka kadi kwenda kompyuta.

Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa mapema kwamba maelezo ya jambo ni dai, na dai hapana budi lipimwe. Hakuna sababu ya kuliepusha daftari la makumbusho na kanuni hiyo. Hebu basi tuyachukue maneno yale machache na kuyapima, moja baada ya jingine, kwa kutumia fizikia na kemia ambazo hazizidi sana zile zinazosomeshwa katika shule zetu za sekondari, pamoja na historia kidogo. Msomaji ataona kwamba chuma chenyewe huweka kumbukumbu ambazo karani hakuziandika, na kwamba swali la nani aurithi mkuki huo leo limefungamana na kumbukumbu hizo.

Je, ulikuwa wa kuwindia?

Waherero ni wafugaji wa kati ya Namibia. Lugha yao, ambayo wenyewe huiita Otjiherero, ni ya jamii ya lugha za Kibantu, na msemaji wa Kiswahili hapati taabu kuutambua udugu huo: mtu kwao ni omundu na watu ni ovandu, mti ni omuti, na ng'ombe ni ongombe. Mkuki huitwa enga. Mali, ndoa, urithi na tambiko, vyote hivyo viliwazungukia ng'ombe; moto mtakatifu wa kila mji, okuruuo, mahali pake palikuwa baina ya nyumba ya mkubwa wa mji na zizi. Waliwinda, lakini uwindaji haukuwa nguzo ya maisha yao. Kwa hiyo tayari pana sababu ya kushuku pale tunapoambiwa kwamba silaha iliyo maarufu kuliko zote kwao ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama wa porini.

Katika mwaka 1850 Mwingereza Francis Galton na Msweden Charles John Andersson walishuka Walvis Bay, wakasafiri bara hata wakafika Ondonga, nchi ya Waovambo, mwaka uliofuata. Galton alirudi kwao. Andersson alibaki, na mnamo 1856 alichapisha kitabu cha safari zake hadi Ziwa Ngami. Maelezo yao kuhusu mkuki wa Waherero ni ya mashahidi waliouona ukiwa mikononi mwa wenyewe. Mkuki huo ulikuwa na bapa pana na refu. Mara nyingi mpini wake pia ulikuwa wa chuma, uliosuguliwa hata ukang'ara, na katikati ulivikwa singa za mkia wa ng'ombe. Andersson aliona kwamba chuma chake kilikuwa laini, na kwamba mkuki ulitumika zaidi kama kisu kuliko kama silaha ya kurusha. Mtu aliyeishi na ng'ombe kila siku alikuwa na nyama ya kukata, ngozi ya kuchuna na kamba za kuchana, na chombo chake cha kazi zote hizo alikibeba mkononi.

Ushahidi wa msafiri unaweza kuwa na kasoro, kwa hiyo na tuujaribu kwa hesabu. Vipimo vifuatavyo nimevichagua ili hesabu iwe nyepesi. Havikutoka katika mkuki fulani. Chukua mpini wa chuma wenye urefu wa sentimeta 120 na kipenyo cha sentimeta 1. Ujazo wake ni kiasi cha sentimeta za ujazo 94, na kwa kuwa kila sentimeta ya ujazo ya chuma ina gramu 7.9 hivi, tungamo yake ni karibu gramu 740. Mpini wa mti mgumu wenye urefu huo huo na kipenyo cha sentimeta 2, tukiuhesabia gramu 0.8 kwa sentimeta ya ujazo, una gramu 300 tu. Ongeza bapa la gramu 300 kwa kila mmoja, na kwa makadirio tunapata mkuki wa gramu 1,040 na mwingine wa gramu 600.

Sasa tuseme mkono unatoa nishati ile ile kwa mikuki yote miwili. Kwa kuwa upeo wa kitu kinachorushwa huenda pamoja na mraba wa kasi yake, na nishati ya mwendo nayo huenda pamoja na mraba huo, upeo unapungua kadiri tungamo inavyoongezeka. Tukiacha upinzani wa hewa, mkuki wa chuma chote utafika kiasi cha asilimia 58 ya umbali utakaofikiwa na ule wa mpini wa mti. Ni kweli kwamba mkono wa binadamu hautoi nishati ile ile kamili kwa kila uzito, na mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi swali hilo walijaribu uwanjani kwa fimbo na mabomba. Lakini mwelekeo wa jibu haubadiliki. Kwa upande mwingine, momenta ya mkuki mzito, kwa nishati ile ile, inazidi ile ya mwepesi kwa kiasi cha theluthi moja. Kwa maneno mengine, mkuki wa chuma chote hauna faida kwa mtu anayemvizia swala aliye mbali, ila unafaa kwa anayechoma kutoka karibu: simba aliyeingia zizini, kwa mfano, au adui aliyekwisha fika.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayoweza kutusaidia hapa. Fumo ni mkuki wa bapa pana. Sagai ni mkuki mdogo wa kurusha. Neno hilo la pili ni ndugu wa lile walilolitumia wasafiri wa Kizungu kwa kila mkuki waliouona kusini mwa Afrika, mrefu kwa mfupi, mzito kwa mwepesi. Laiti makarani wa Berlin wangekuwa na maneno mawili badala ya moja, huenda madaftari yao yangekuwa na makosa machache zaidi.

Pana na ushahidi wa tatu, ambao umo katika mkuki wenyewe. Bapa linalotumika kukata huliwa na jiwe la kunolea. Likinolewa upande mmoja kuliko mwingine, hupoteza ulinganifu wake. Upande wa kazi huingia ndani kidogo karibu na shina. Bapa ambalo kazi yake ni kuchoma tu huliwa zaidi nchani. Mtafiti mwenye rula, kalamu na karatasi ya kuchorea anaweza kuzipima tofauti hizo bila ya kuuharibu mkuki hata kidogo. Kwa bahati mbaya makumbusho mengi ya zamani yalipenda vitu vyao ving'are, na wafanyakazi wao waliisugua mikuki kwa msasa na dawa. Kwa kufanya hivyo waliondoa mafuta na ngeu iliyotoka mikononi mwa wenye mikuki, ambao walijipaka siagi iliyochanganywa na udongo mwekundu. Utando huo wa mafuta ndio uliouzuia unyevu na oksijeni visikifikie chuma, na ndio ambao mkemia wa leo angeupenda kuliko kitu kingine chochote.

Neno "kuwindia", basi, ni jembamba mno. Enga ilikuwa silaha, kisu na alama ya mtu mzima mwenye mifugo. Kuwinda ilikuwa mojawapo ya kazi zake, na yamkini si ya kwanza.

Chuma kilitoka wapi?

Waherero walikuwa na ng'ombe wengi na chuma kidogo. Kaskazini yao, Waovambo walikuwa na wahunzi stadi. Wakwanyama, ambao ni mojawapo ya makabila ya Kiovambo, walisafiri wakati wa kiangazi hadi Oshimanya, katika sehemu ambayo leo ni kusini ya Angola, wakachimba mtapo na kuuyeyusha huko. Walitengeneza majembe, visu, mapande ya mikuki na shanga za chuma, na sehemu ya bidhaa hizo ilikwenda kusini kubadilishwa kwa ng'ombe. Galton na Andersson walipofika Ondonga mwaka 1851 walifuatana na msafara wa wafanyabiashara wa Kiovambo waliokuwa wakirudi kwao kutoka nchi ya Waherero. Hivyo mkuki ulioandikwa "Waherero" huenda ulikuwa wa Kiherero kwa matumizi, kwa pambo la singa na kwa mng'aro wake, ilhali chuma chake kilizaliwa katika tanuri la Mwovambo.

Yafaa kueleza namna tanuri hilo lilivyofanya kazi, kwa kuwa ndipo ulipo ufunguo wa uchunguzi wote unaofuata. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1,538. Tanuri la udongo lenye makaa ya miti na mivukuto ya ngozi aghalabu hufikia sentigredi 1,100 hadi 1,300. Kwa hiyo chuma hakikugeuka maji kamwe. Makaa yakiungua kwa hewa chache hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo huunyang'anya mtapo oksijeni yake. Kinachobaki ni chuma kigumu ambacho hakijawahi kuwa kimiminika. Wakati huo huo mchanga uliomo katika mtapo huungana na sehemu ya oksidi ya chuma kufanya mavi ya chuma, ambayo huyeyuka kwenye kiasi cha sentigredi 1,200 na kutiririka chini. Mhunzi hutoa tanurini bonge lenye vishimo kama sifongo, kisha hulipiga nyundo likiwa jekundu ili kuyakamua mavi yaliyosalia. Hayatoki yote. Chembe ndogo hubaki ndani ya chuma, zikavutwa na nyundo hata zikawa nyuzi nyembamba, na hudumu humo kwa karne nyingi.

Chuma cha namna hiyo, kikiwa na kaboni iliyo chini ya asilimia 0.1 hivi, ni laini. Kikipigwa na jiwe hujikunja bila kuvunjika, na mwenye nacho hukinyosha tena juu ya mwamba na kukinoa kwa jiwe lolote. Kaboni ikiongezeka hadi asilimia 0.5 au zaidi kinakuwa chuma cha pua, ambacho kikitiwa motoni na kutumbukizwa majini hupata ugumu mkubwa, lakini huweza kukatika. Wasafiri waliouona ulaini wa mkuki wa Waherero wakauhesabu kuwa ni upungufu walisahau jambo hilo. Mchungaji aliye safari ya siku kumi kutoka kwa mhunzi anahitaji chombo anachoweza kukitengeneza mwenyewe.

Wala isidhaniwe kwamba matanuri ya Afrika hayakuweza kutoa chuma kigumu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wakionyesha kwamba wafua chuma wa huko walikuwa wakipata chuma chenye kaboni kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa ufundi ambao wazee wa Kihaya walikuwa bado wanaukumbuka na wakauonyesha kwa vitendo. Ulaini au ugumu wa chuma fulani huonyesha mtapo, tanuri na mahitaji. Hautoshi kuwa kipimo cha akili za watu.

Tukirejea Namibia, katika nusu ya pili ya karne ya 19 kulikuja chuma cha aina nyingine. Meli zilileta Walvis Bay fito, misumari, pete za mapipa na vyuma vya magurudumu ya magari ya ng'ombe. Baada ya 1856, Henry Bessemer alipotangaza njia yake ya kusafisha chuma kilichoyeyuka kwa kukipulizia hewa, viwanda vya Ulaya vikaanza kutoa kwa wingi chuma cha pua kilichowahi kuwa maji. Chuma cha aina hii hakina nyuzi ndefu za mavi ya tanuri la makaa, na kwa kawaida kina manganizi iliyotiwa kiwandani. Kwa hiyo mtaalamu akikisugua kipande kidogo cha bapa, akakiosha kwa asidi hafifu na kukitazama kwa hadubini, anaweza kutambua kama bapa hilo lilianzia katika tanuri la Kiafrika au katika kiwanda cha Ulaya. Chembe za mavi zikipimwa moja moja huonyesha hata uwiano wa madini yaliyokuwamo katika mtapo, na uwiano huo huweza kulinganishwa na mavi yaliyotapakaa kwenye machimbo ya kale. Pale ambapo makumbusho hayaruhusu kukatwa hata kipande kama punje ya mtama, miali ya nyutroni hupita ndani ya chuma na kueleza mpangilio wa fuwele zake bila ya kuacha alama.

Njia moja haifai sana hapa, nayo ni ile inayopendwa na magazeti: kupima umri kwa kaboni 14. Chuma laini kina kaboni kidogo mno, na hata ikipatikana ya kutosha, mabadiliko ya kaboni 14 katika hewa tangu karne ya 17 yanafanya mkuki wa 1700 na wa 1880 usitofautike vizuri.

Waherero au Wadamara?

Hapa daftari lina mtego mwingine, ambao umewanasa hata wasomi. Wasafiri wa kabla ya kutawala kwa Wajerumani waliwaita Waherero kwa jina la "Damara", na nchi yao wakaiita Damaraland. Jina hilo walilisikia kwa majirani wa kusini wanaosema lugha ya Khoekhoe. Lakini wako Wadamara wenyewe, watu wengine kabisa, wanaosema Khoekhoe na ambao hawafugi kwa desturi za Kiherero. Basi mkuki ulioandikwa "Damara" kabla ya 1880 na kitu unaweza kuwa wa Waherero, na ulioandikwa jina hilo hilo mwaka 1910 unaweza kuwa wa Wadamara. Zaidi ya hayo, miongoni mwa Wadamara walikuwamo wahunzi, ambao kazi yao ilinunuliwa na majirani.

Jambo hili halina mzaha. Namibia ya leo ina jamii nyingi, na kila jamii ina viongozi na kumbukumbu zake. Kitu kikirudishwa kwa jina lililokosewa mwaka 1860, kosa la karani linageuka kuwa ugomvi wa watu walio hai.

Neno "umekusanywa"

Kati ya maneno yote ya daftari, hili ndilo lililofunika mengi zaidi, na ndilo ambalo maabara haiwezi kulipima peke yake. Kukusanya kwaweza kuwa ni kununua, kupewa zawadi, kubadilishana, kuokota au kupora. Hapana budi kuangalia tarehe.

Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani, Bundesrat, liliamua kwamba vitu vya elimu na sayansi vilivyopatikana kwa safari zilizogharimiwa na serikali katika makoloni vipelekwe kwanza Berlin. Uamuzi huo ulihusu Afrika ya Kusini-Magharibi na vile vile Tanganyika yetu, iliyokuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndiyo sababu makumbusho ya ethnolojia ya Berlin yana mikuki ya Waherero na pia silaha zilizotekwa katika Vita vya Majimaji. Felix von Luschan, msimamizi wa sehemu ya Afrika katika makumbusho hayo, alitoa mwaka 1899 mwongozo wa kukusanyia, akiwaeleza maafisa mambo ya kuuliza na kuandika. Laiti wangeuliza yote! Wengi walipeleka kitu na jina la mahali, basi.

Mwaka 1897 sotoka ilifika katika nchi ya Waherero na kuwaua wengi wa ng'ombe wao. Watu waliokuwa matajiri walilazimika kuuza kazi yao, ardhi yao na vitu vyao vya nyumbani. Mkuki uliouzwa mwaka 1898 huweza kuandikwa "umenunuliwa", na risiti ikawapo, lakini ni vyema tujiulize ulinunuliwa kwa bei gani na kwa mtu mwenye njaa kiasi gani.

Januari 1904 Waherero waliinuka dhidi ya utawala wa Kijerumani, na wengi wao wakati huo walipigana kwa bunduki. Tarehe 11 Agosti 1904 ilipiganwa vita vya Ohamakari, karibu na mlima Waterberg. Waherero pamoja na wanawake, watoto na mifugo walikimbilia jangwa la Omaheke, nao Wajerumani wakawafuata na kuvishika visima. Tarehe 2 Oktoba Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mpaka wa Kijerumani, awe na bunduki au asiwe nayo, atapigwa risasi. Mtu huyo hakuwa mgeni Afrika Mashariki: kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, aliongoza majeshi ya Kijerumani katika nchi hii yetu. Walionusurika walitiwa kambini, na wengi walifia humo. Hesabu ya watu ya 1911 iliwakuta Waherero 15,000 hivi tu, kati ya kabila ambalo kabla ya vita lilikadiriwa kuwa mara kadhaa ya idadi hiyo. Amri za 1907 ziliwakataza Waafrika kumiliki ardhi na ng'ombe bila idhini ya gavana, na kila aliyezidi umri wa miaka 7 alitakiwa kuvaa kipande cha madini chenye namba.

Katika hali kama hiyo silaha, mapambo na vyombo vilivyoachwa njiani viliokotwa na askari, na vingine vilivuliwa mikononi mwa wafu. Hata mafuvu ya vichwa vya watu yalipelekwa Ujerumani kupimwa. 20 kati yake yalirudishwa Namibia mwaka 2011. Ni ajabu ya historia kwamba Galton yule yule, aliyeuona mkuki wa Waherero mwaka 1851 ungali kazini, ndiye aliyebuni mwaka 1883 jina la elimu ile ya kuchuja mbegu za binadamu, ambayo baadaye ilitumika kama kisingizio cha vipimo hivyo.

Kwa hiyo mtafiti wa leo hufanya kazi mbili pamoja. Kwa mkono mmoja hushika chuma; kwa mwingine hushika orodha ya maafisa, tarehe za meli, barua na risiti. Mkuki ulioingia Berlin 1885 kwa mkono wa mmisionari una hadithi moja. Mkuki ulioingia 1906 kwa mkono wa luteni una hadithi nyingine, hata kama mabapa yao yanafanana kama pacha.

Nani apewe?

Kwamba ushahidi wa namna hii una uzito, kumeonekana mwaka 2019. Makumbusho ya Linden ya Stuttgart yalirudisha Namibia Biblia na kiboko vya Hendrik Witbooi, kiongozi wa Wanama. Asili ya vitu hivyo ilijulikana wazi: vilitekwa mwaka 1893 askari wa Kijerumani waliposhambulia Hornkranz. Hata hivyo chama cha viongozi wa jadi wa Wanama kilikwenda mahakamani nchini Ujerumani kupinga vitu hivyo visikabidhiwe serikali, kikidai kwamba haki ni ya Wanama wenyewe. Ombi hilo halikufaulu, na vitu vikakabidhiwa serikali. Ikiwa kitu chenye jina la mwenyewe, mahali na mwaka kiliweza kuleta ubishi huo, je, mkuki usio na jina?

Sisi tunao mfano wa karibu. Fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, lilichaguliwa kwa vipimo kutoka miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu iliyoandikwa ya kutosha. Makumbusho hayo hayo ya Bremen yana mkusanyo mkubwa kutoka Namibia.

Berlin ina takriban vitu 1,400 vya Namibia. Tangu 2019 wataalamu wa Kinamibia, kwa ushirikiano na makumbusho ya huko, wamekuwa wakivipitia, na mwezi Mei 2022 vitu 23 walivyovichagua wenyewe vilifika Windhoek. Kazi yao ilihusu kuyasoma madaftari pamoja na kuvifahamu vitu kwa macho na kwa lugha: jina la sehemu fulani, namna ya kuvaa, aina ya fundo. Mambo hayo hayamo katika daftari lolote la Ulaya, nayo hupotea kila mzee mmoja anapofariki.

Kuna kizuizi kimoja ambacho hakitajwi sana, nacho ni cha kikemia. Singa za ng'ombe na ngozi ni chakula cha nondo na wadudu wengine. Ili kuwaua, makumbusho ya karne ya 19 na ya 20 yalipaka vitu vyao aseniki na kloridi ya zebaki, na baadaye DDT. Aseniki na zebaki haziozi. Zinakaa katika singa na katika nyufa za mpini, na hutoka pamoja na vumbi kitu kinaposhikwa. Kwa mtu anayekitazama mkuki kupitia kioo, hakuna hatari. Lakini Waherero hawakuutengeneza mkuki wao ili utazamwe kupitia kioo, na mkuki ukirudi kwao utashikwa, utapokezanwa, pengine na watoto. Kifaa cha mkononi cha miali ya eksirei kinaweza kuzitambua aseniki na zebaki kwa dakika chache, na kwa kipimo hicho hicho kikaonyesha kama bapa lina manganizi. Mpaka kipimo hicho kifanyike, mzee wa Kiherero atakayetaka kuushika mkuki wa babu yake atapewa kwanza glavu.